Uzi Mwekundu kwenye Joho la Tang

Ukitaka kumjua mwanamke aliyechoka, usimtazame jioni. Jioni hata ng'ombe amechoka. Mtazame alfajiri, akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda anapapasa kandambili kwa miguu, hapo utajua kama usingizi ulimsaidia au ulimpitia tu. Nhkum Kai usingizi ulikuwa ukimpitia tu, mwaka wa pili sasa.

Asubuhi ya sikukuu alipapasa upande wa pili wa kitanda akakuta umepoa. Hakushtuka. Kushtuka nako kunataka nguvu, na zake alikuwa amezimalizia kwenye shamba la miwa, maana mwezi wa kwanza ndio mwezi wa kukata, na muwa haujui sikukuu. Alijitanda shali, akashuka ngazi, akapita nyuma ya zizi tupu. Mumewe, Lahpai Tang, alikuwa amesimama pekupeku kwenye ukungu katikati ya visiki vya miwa.

"Unatafuta nini, Baba Gam?"

"Ng'ombe. Kuna mtu amefungua zizi."

Ng'ombe wao wa mwisho waliuzwa mwana wao Gam alipokwenda kusoma mjini Kunming, na huyo Gam leo ana mtoto wa shule. Zamani Kai angemweleza mumewe hayo yote, akaeleza tena, akaishia kulia. Siku hizi alikuwa amejifunza kufupisha.

"Ng'ombe watarudi wenyewe," akasema. "Kwa kuwa umeshaamka, twende tupite njia."

Uso wa mzee ukafunguka. Hilo alilijua. Ng'ombe wakasahauliwa pale pale.

Tang ndiye aliyekuwa kiongozi wa ngoma kuu ya mwaka mpya. Sisi Wajingpo tukiicheza ngoma hiyo, vijiji vyote vya bonde vinageuka mstari mmoja nyuma ya mtu mmoja. Yeye huvaa taji la manyoya ya tausi lenye mdomo wa ndege hondohondo mbele, hushika upanga, na njia anayopita ni ile iliyochorwa kwenye mbao ndefu zilizosimamishwa katikati ya uwanja. Mnaingia kwa lango moja mkielekea kaskazini, walikotoka wazee. Mkifika mbaoni mnageukia macheo, mnazunguka na kujipinda kama utumbo wa mbuzi, kisha mnatoka kwa lango lile lile mliloingilia. Kiongozi akipotea, umati mzima umepotea, na mwaka huo ndama akifa, mto ukifurika au bei ya sukari ikianguka, wa kulaumiwa anajulikana kwa jina na kwa ukoo.

Ipo na njia ya pili. Hiyo, mkifika mbaoni, mnageukia machweo. Ni ya kuzikia wakubwa, wala haichezwi kama hakuna maiti. Tang aliiongoza mara moja tu maishani, akiwa bado kijana, siku ya kumzika baba yake aliyekuwa kiongozi kabla yake.

Basi kila alfajiri, kabla hajashika panga la miwa, Kai alimtembeza mumewe kwenye visiki. Miguu ya mzee ilizijua kona zote. Ni ile ya kwanza tu iliyomsumbua. Akifika hapo alisimama kama mtu aliyeitwa na sauti mbili kwa pamoja, na siku akienda kulia, kesho yake angekwenda kushoto. Ndipo Kai alipotoa sandukuni lile joho kuukuu la baba mkwe, ambalo Tang hulivaa kila mwaka, akashona kishada cha uzi mwekundu kwenye mkono wa kulia.

"Ukifika mbaoni, fuata mkono wenye uzi."

Siku ya kwanza Tang alikasirika, akasema yeye si ndama wa kufungwa kengele. Siku ya pili aliufuata uzi. Tangu hapo hakukosea tena, na Kai akaanza kupumua kidogo.

Asubuhi hiyo ya sikukuu walipita njia yote, mzee akiwa na joho mwilini na matope miguuni, na hakukosea hata kona moja. Kai alimpeleka ndani, akamwosha miguu, akaenda jikoni kutwanga kuku na pilipili na majani ya mlimani. Alikuwa bado na mchi mkononi Naw alipoinama kuingia. Naw ni mtoto wa baba mdogo wa Tang, na ndiye kiongozi wa pili, anayecheza nyuma ya Tang na taji dogo kidogo. Alikuwa amekuja na gari lake la mizigo kuwachukua.

"Shemeji, nimemsalimia kaka hapo barazani. Ameniita kwa jina la marehemu baba yangu."

"Mnafanana."

"Baba alikuwa mfupi, na jicho moja bovu."

"Basi nawe jicho lako bovu linakuja. Kaa ule."

Naw hakukaa. Alimtazama yule mama akitwanga, mabega yakipanda na kushuka kama ya mtu anayechota maji kisimani siku nzima. "Kai, mimi si mtoto. Nipo nyuma ya yule mtu kila mwaka, namwona mgongo. Mwambie apumzike. Mficha maradhi, kilio kitamuumbua."

"Kikiumbua kitaniumbua mimi, wewe utakuwa pembeni unajifuta jasho."

"Sisemi kwa ubaya."

"Najua husemi kwa ubaya." Kai aliweka mchi chini. Sauti yake ikateremka. "Mwaka huu tu, shemeji. Hajui tena jina la mjukuu wake. Hajui kama amekula. Ile njia ndiyo iliyobaki. Nikimnyang'anya na hiyo, nitalala na nani? Akiwatoa watu salama leo, taji atakuvika mwenyewe, nitamwambia."

"Na asipowatoa?"

Kai akashika mchi tena. Swali hilo alikuwa amelala nalo na kuamka nalo.

Uwanjani, watalii walikuwa wamefika kabla ya wenye sikukuu. Mabasi yalipangana hadi kwenye migomba, na viongozi wao walisimama na vibendera wakiita watu wao kama wanaoita kuku. Walikuwa wamekwisha kuona ngoma ya kijiji kimoja jana na mchezo wa kumwagiana maji wa kijiji kingine juzi, na kesho walikuwa na mlima wa kupanda. Wengine walikuwa wamechoka kuliko Kai, ila wao walilipa kuchoka.

Karibu na lango alisimama La, kijana wetu aliyepewa kazi ya kusimamia sherehe. Si mtoto mbaya. Mama yake na Kai walikata miwa pamoja. Ila tangu apewe kipaza sauti, alikuwa amesahau kuzungumza bila hicho. Mikononi alibeba majoho mapya yanayometameta kama samaki waliotolewa majini.

"Baba mkubwa, vaa hili. Yote yamefanana, yako, ya baba mdogo Naw, na ya wengine. Kwenye picha yatapendeza."

"Ana lake," akasema Kai.

"Mama, hilo limepauka. Kwenye picha litaonekana gunia."

"Ni gunia la baba yake. Mwache nalo."

"Nitaliweka kwenye gari la vifaa, halitapotea. Na tafadhali, afupishe kidogo, mabasi yanaondoka saa tisa."

Kai alifungua mdomo kumjibu kama alivyostahili, lakini Tang alikuwa amekwisha kuinua mikono juu kama mtoto anayevuliwa shati. Joho kuukuu likatoka na kishada chake, jipya likaingia. Mzee alipapasa kitambaa, akatabasamu, akasema polepole, "Jipya."

"Ndiyo, baba mkubwa. Jipya kabisa."

Kai aliondoka mbio, mbio za mtu wa makamo mwenye magoti mabovu, akalifuata lile gari la vifaa. Alilikuta limefungwa. Dereva, wakamwambia, amekwenda kula. Akauvuta uzi kwenye pindo la sketi yake, sketi nyekundu aliyoifuma mwenyewe kabla ya kuolewa. Ulikuwa umefumwa vizuri mno, ukakataa kutoka. Alikuwa bado anauvuta kwa meno ngoma ilipopigwa. Ile ngoma kubwa inabebwa na watu wawili, na ukiisikia unaisikia tumboni.

Alirudi akamkuta Tang amekwisha kuvikwa taji. Akamshika mkono wa kulia, akaubana kwa nguvu zake zote.

"Huu. Ukifika mbaoni, mkono huu. Mkono wa kulia chakula."

Tang alimtazama chini ya ule mdomo wa hondohondo, akacheka. "Mama Gam, unanifundisha mimi njia? Nenda zako kwa wanawake wenzako."

Akaenda. Angefanya nini? Kiongozi akishavaa manyoya hashikwi, na mwanamke hamtangulii. Nafasi yake ilikuwa mwanzoni mwa mstari wa wanawake, nyuma ya wanaume wenye panga, na nyuma yake alikuwa Roi, mjane wa jirani, ambaye mumewe aliangukiwa na lori la miwa msimu uliopita.

Waliingia. Upatu unalia, filimbi zinalia, watu wanaitikia "oo-ra, oo-ra" kwa mpigo mmoja, na njuga za fedha kwenye vifua vya wanawake zinaitikia nazo. Mtalii mmoja mwenye kofia nyekundu alijipenyeza kwenye mstari kando ya Kai, simu juu.

"Mama, hatua hii ina maana gani?"

"Maana yake tembea."

Yule mwanamke akacheka, akatembea. Kai hakumtazama tena. Mbele, juu ya vichwa, alikuwa akiyaona manyoya ya tausi yakipanda na kushuka, na kila yalipopanda alisema moyoni, kulia, kulia, kulia. Alikuwa amechoka hadi kwenye meno. Alifikiri, mzee huyu akigeuka vizuri, kesho nitalala mpaka jua liwe utosini, na miwa ioze.

Tang alifika mbaoni. Alisimama.

Alinyoosha mikono yote miwili mbele yake, akaitazama. Mikono ilikuwa sawa, inameta. Kai akamwona anasugua kile kitambaa kipya kwa kidole gumba, na hapo, mbali nyuma na bila njia ya kupita, akakumbuka jambo ambalo angepaswa kulikumbuka langoni. Tang hakuwahi kuvaa joho jipya ila siku moja. Lile kuukuu la baba mkwe lilikuwa bado sandukuni siku ile, halijarithiwa, kwa hiyo ukoo ukamshonea jipya, la kumzikia baba.

Manyoya yakageukia machweo.

Mpiga ngoma alikosa pigo moja. Watalii hawakujua kitu. Kwao kulia na kushoto ni mamoja, waliendelea kupiga picha. Lakini wetu walijua. "Oo-ra" ilikatika mdomoni mwa mtu mmoja, kisha wa pili, kimya kikashuka mstarini kama maji yanavyoshuka kwenye mtaro. Kwetu husemwa, njia ya machweo haipitwi mikono mitupu. Mkiipita hamna maiti, mauti itajichagulia mwenyewe.

Naw alikuwa amemfuata kaka yake, maana viongozi wawili hawagawanyiki, lakini aligeuza kichwa nyuma. Hakumtazama mpiga ngoma wala wazee wa ukoo. Alimtazama Kai. Macho yake hayakuwa na lawama. Yaliuliza tu, tufanye nini, shemeji.

Kai alifika mbaoni. Kulia kwake kulikuwa wazi, majani hayajakanyagwa. Angegeuka huko, wanawake wote wangemfuata, na wanaume karibu wote wangeruka mstari kuwafuata wanawake, maana nani anataka kufa. Tang angebaki upande wa machweo na upanga wake, na Naw, na labda wazee wawili watatu. Angefika langoni, angegeuka, angekuta hana watu. Hata mtu asiyejua kama amekula, hilo angelijua.

Akageuka kushoto. Na kwa kuwa njia hiyo haipitwi mikono mitupu, akafungua mdomo, akalia.

Hakulia machozi ya leso. Alilia ile sauti ndefu ya msiba inayoanzia tumboni, ambayo wanawake wetu hufundishwa na mama zao na huomba wasiitumie. Roi nyuma yake alishtuka, akaelewa, akaidaka. Roi aliita jina la mumewe. Mwingine nyuma yake akaita jina la mama yake, mwingine la mtoto, na jina likafuata jina mpaka mwisho wa mstari, kila mtu na wake wa mwaka ule, na nani hakuwa naye? Wapiga ngoma wakapata pa kushika, wakabadilisha pigo, wakapiga la kuzikia. Yule mwenye kofia nyekundu alishusha simu. Baada ya hatua chache naye alikuwa analia, kwa lugha yake, sijui alikuwa anamlilia nani.

Kai peke yake hakutaja jina. Mila inataka utaje. Kila sauti ilipomfika mwisho, jina lilimjia hadi nyuma ya meno, na lilikuwa moja tu, na mwenye jina alikuwa pale mbele na manyoya kichwani, anatembea. Ukimtaja aliye hai umemtoa kwa mauti. Alilimeza. Alilia tena, akalimeza tena. Alimlilia mtu aliyewahi kumbeba mgongoni kuvuka mto siku ya harusi akimtania kwamba ni mzito, mtu aliyejua nyimbo zote na madeni yote na utani wote, ambaye alikuwa ameondoka kidogo kidogo bila mtu kupiga hata upatu.

Na Tang, jamani, hajawahi kuongoza vile. Hakusita kona hata moja. Upanga ulikwenda kwa wakati, goti lilikwenda kwa wakati, na ile njia ambayo hakuna kijana aliyewahi kuiona aliipita yote, akawatoa watu wote kwa lango lile lile waliloingilia. Hakubaki mtu ndani, hata mtalii.

Nje ya lango alisimama. Aliyeongoza njia ya machweo haendi nyumbani na manyoya, mauti isije ikamfuata mlangoni. Alilivua taji kwa mikono miwili, akamgeukia Naw. "Shika, mdogo wangu. Mimi nina msiba." Naw aliinamisha kichwa, akavikwa. Machozi yalimdondoka kwenye joho lake jipya, na hakuyafuta.

La alikuja mbio, uso unang'aa. "Mama, wageni wamependa sana ile ya kulia. Hatukuwa nayo kwenye ratiba. Mwakani tuiweke?"

Kai aliitafuta hasira akaikosa, nayo ilikuwa imechoka. "Mwakani ukinipatia wa kumlilia," akasema, "nitalia. Sasa kaniletee joho la mume wangu."

Walirudishwa nyumbani jua likiwa bado lipo. Kai alifungua majani ya wali, akamwekea mumewe kuku wa kutwanga, wakala kando ya jiko. Alikuwa amemvika tena lile joho kuukuu, kwa sababu ya baridi. Tang alikula vizuri. Mara akaacha, akakiangalia kile kishada chekundu kwenye mkono wake, akakichezea.

"Mama Gam."

"Naam."

"Leo tumemzika nani?"

Kai aliweka bakuli chini. Angeweza kusema hakuna, kula. Angeweza kusema ilikuwa mchezo wa watalii. Maneno yote mafupi aliyojifunza yalikuwepo, na hakuwa na nguvu za kuokota hata moja.

"Mtu wetu wa karibu."

"Nilimjua?"

"Ulimjua sana."

Tang akafikiri. "Alikuwa mtu mwema?"

"Mwema. Ila mkaidi. Haambiliki."

"Hao ndio wanaoacha pengo," akasema mzee. Akanyoosha mkono wenye uzi, akaushika wa mkewe na harufu yake ya pilipili na moshi. "Pole sana, mke wangu. Wewe hulii ovyo. Nilisikia sauti yako kule nyuma, nikasema, huyu limemfika."

Ndivyo tunavyopeana pole, na pole ina jibu lake, hata kama si kweli.

"Nimeshapoa, Baba Gam," akasema Kai, akamsogezea bakuli la kuku, maana mzee alikuwa bado hajashiba.